Modeli ya kukadiria dozi ya wafarini: jedwali, fomula, Bayes au ujifunzaji wa mashine, uchague ipi?

Ukiingia kwenye hii mada ya kutabiri mwili wa mgonjwa utaipokeaje wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, utakuta watu wanabishana kama vile kuna modeli moja mshindi na zingine takataka, kumbe kila moja inajibu swali lake. Kuna swali la "huyu mtu mpya nimuanzishie miligramu ngapi" na kuna swali la "huyu ambaye tayari anameza, INR imetoka 1.7, sasa nifanyeje". Ukiyachanganya haya mawili utachagua vibaya hata kama hesabu zako zote ziko sawa.

Kwa ambao ndo wanaanza: wafarini inazuia kimeng'enya kinachorudisha vitamini K katika hali ya kutumika, bila hiyo ini linashindwa kukamilisha vigandishi namba II, VII, IX na X, damu inachelewa kuganda. INR ndo kipimo cha huko kuchelewa, na wagonjwa wengi wanatakiwa wakae kati ya 2 na 3. Chini ya 2 unaogopa bonge la damu na kiharusi, juu ya 4 na kuendelea unaogopa kuvuja damu. Tatizo ni kwamba dozi inayomfikisha mtu hapo inatofautiana vibaya mno, mmoja anatosheka na miligramu 1 kwa siku na mwenzake anahitaji zaidi ya 10, na kwa kumwangalia usoni huwezi kujua nani ni nani.

Ili tusibaki hewani nachukua mgonjwa mmoja wa kubuni tumpitishe kwenye njia zote. Mama wa miaka 64, sentimita 165, kilo 70, ana asili ya Afrika, moyo unadunda bila mpangilio, lengo INR 2 mpaka 3. Hana dawa nyingine.

Jedwali

Hii ndo ya zamani na bado iko kwenye wodi nyingi. Unaanza na 5 au 10, unapima INR siku fulani, unaangalia mstari wa jedwali, unaambiwa dozi ya leo. Mama wetu ataanza na 5 sawa na kijana wa kilo 95, tofauti yao itaonekana baadaye kwenye INR. Faida yake ni kwamba haihitaji kompyuta na nesi yeyote aliyefundishwa anaifuata saa nane usiku bila kumuamsha mtu, na usidharau hilo, modeli nzuri isiyotumika ni sifuri. Ubaya wake jedwali halina kumbukumbu, linaona INR ya leo tu, halijui kwamba juzi ilikuwa 1.2 na inapanda kwa kasi au ilikuwa 2.9 na inashuka. Sina mengi zaidi ya kusema hapo.

Fomula ya regresheni

Hapa ndo watu wengi wanaanzia na kiukweli ni mahali pazuri pa kuanzia. Maarufu zaidi ni ile ya muungano wa kimataifa wa watafiti wa wafarini, IWPC, iliyotoka 2009, iliyojengwa kwa wagonjwa 4,043 na kujaribiwa kwa wengine 1,009. Haitabiri dozi moja kwa moja, inatabiri kipeuo cha pili cha dozi ya wiki, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata miligramu za wiki, kwa sababu dozi zenyewe zina mkia mrefu upande wa juu na ukizichukua kavu kavu wale wachache wa dozi kubwa wanauvuta mstari wote.

Toleo lisilo na jeni liko hivi: anza na 4.0376, toa 0.2546 kwa kila mwongo wa umri (miaka 64 inahesabiwa 6), ongeza 0.0118 mara sentimita za urefu, ongeza 0.0134 mara kilo, ongeza 0.4060 kama ana asili ya Afrika au toa 0.6752 kama ni ya Asia, ongeza 1.2799 kama anatumia dawa inayochochea vimeng'enya vya ini kama rifampisini, toa 0.5695 kama anatumia amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo wa moyo. Mama wetu anapata 5.801, zidisha kwa yenyewe inakuja kama 33.6 kwa wiki, yaani 4.8 kwa siku. Sasa mpe rifampisini tu, usiguse kingine chochote, inaruka hadi miligramu 50 kwa wiki. Mwondolee rifampisini umpe amiodaroni, inashuka hadi 27. Unaona raha yake? Inaandikika kwenye karatasi, unaikagua kwa kikokotoo cha simu, na mtu akikuuliza "mbona umeandika hivi" unamwonyesha mstari kwa mstari.

Alafu kuna toleo lenye jeni, ambalo linaangalia CYP2C9 (hiyo ndo inavunja S-wafarini, ile pacha yenye nguvu) na VKORC1 (hiyo ndo shabaha yenyewe ya dawa). Mama huyuhuyu akiwa na CYP2C9 ya kawaida na VKORC1 aina ya GG (herufi moja kutoka kwa kila mzazi) anapata kama 37 kwa wiki, akiwa AG anapata 27, akiwa AA anapata 19. Yaani jeni moja inakata dozi karibu nusu, hicho si kitu kidogo.

Lakini tulia hapa kidogo maana kuna jambo ambalo watu wanalipita haraka. Kwenye fomula ya kwanza asili ya Afrika inaongeza 0.4060. Kwenye fomula yenye jeni ile ile asili ya Afrika inatoa 0.2760. Alama imegeuka! Maana yake kile kipengele cha asili hakikuwa biolojia, kilikuwa kinashika nafasi ya jeni ambazo hazijapimwa, kwa sababu ile A ya VKORC1 ni adimu kwa watu wenye asili ya Afrika, na jeni zikishaingia kinabaki kubeba mabaki ya vitu vingine. Mi mtu akiniambia fomula yake ina kipengele cha rangi au asili namuuliza moja kwa moja, hicho kinasimama badala ya nini, na kwa mgonjwa aliye mbele yako hicho kitu kipo kweli?

Na si swali la nadharia tu. Mwaka 2013 yalitoka majaribio mawili makubwa kwa pamoja. EU-PACT ya Ulaya, wagonjwa 455, upande wa jeni ulikaa ndani ya INR sahihi asilimia 67.4 ya muda dhidi ya 60.3. COAG ya Marekani, wagonjwa 1,015, hakuna tofauti, 45.2 dhidi ya 45.4. Watu wakachanganyikiwa. Ukiangalia vizuri, EU-PACT walishindanisha jeni na dozi za kuanzia za kawaida zilizopangwa tayari, COAG walishindanisha jeni na fomula ya kliniki kama ile niliyoiandika juu, kwa iyo sehemu kubwa ya faida ilikuwa tayari imeliwa na umri, uzito na dawa. Na ndani ya COAG wagonjwa weusi walifanya vibaya zaidi kwenye upande wa jeni, 35.2 dhidi ya 43.5. Walipimwa CYP2C9 aina namba 2 na 3 ambazo ni za Ulaya zaidi, wakati kwa watu wenye asili ya Afrika zinazopunguza uvunjaji wa dawa ni pamoja na namba 5, 6, 8 na 11, hizo hazikuwemo. Kama huzipimi, fomula inamchukulia mtu kama wa kawaida na kumpa dozi kubwa kuliko anayoihitaji. Kwa upande mwingine jaribio la GIFT la 2017, wazee 1,650 waliobadilishiwa nyonga au goti, jeni zilipunguza matukio mabaya yakijumlishwa pamoja kutoka asilimia 14.7 hadi 10.8. Kwa iyo anayesema jeni hazina maana anakosea, na anayesema zinamfaa kila mtu anakosea pia.

Hitilafu ya fomula kwenye lile kundi la majaribio la IWPC ilikuwa wastani wa miligramu 8.5 kwa wiki ukiwa na jeni, 9.9 bila jeni, na 13 ukimpa kila mtu dozi moja. Soma hizo namba tena. Kutoka dozi moja kwa wote kwenda fomula ya bure unapunguza 3, kutoka hapo kwenda kwenye jeni unapunguza kama 1.4. Faida ya jeni inaonekana zaidi kwa watu wa pembeni, wale wa miligramu 21 au pungufu na wale wa 49 au zaidi kwa wiki, na hao si wachache, karibu nusu ya watu.

Udhaifu mkubwa wa familia hii yote ni kwamba inatabiri dozi ya mwisho, ile mtu atakayotulia nayo, haijui chochote kuhusu njia ya kufika huko. Muda haumo ndani ya fomula. Siku ya tano INR ikiwa 1.4 fomula haina la kukwambia.

Modeli ya mwendo wa dawa pamoja na Bayes

Mimi upande wangu ndo huu, nisijifanye sina upande.

Wazo lenyewe: badala ya kuruka kutoka umri hadi dozi, unaandika kinachotokea mwilini saa kwa saa. Dawa inaingia, inavunjwa, ile S kwa wastani nusu yake inaondoka kwa saa 30 hivi. Hiyo S inapunguza kasi ya kutengeneza vigandishi, lakini vilivyopo tayari haiwezi kuvigusa, vinaisha kwa muda wake. Mlinganyo wake kwa maneno: badiliko la kigandishi ni kasi ya kutengeneza ikipunguzwa na dawa, toa kasi ya kuondoka. Ndo hivyo tu, ni kama tangi ambalo umefunga bomba la juu nusu na bado linatoka chini kwa kasi ile ile, itabidi usubiri kiwango kishuke.

Na kila kigandishi kina tangi lake. Namba VII nusu yake inaondoka kwa takriban saa 6, namba II inachukua saa 60 au zaidi. Kwa iyo siku ya pili au ya tatu INR inapanda kwa sababu VII imeisha, mtu anafurahi, kumbe II bado imejaa na mgonjwa bado hajakingwa. Piga hesabu, kwa saa 60 kufikia asilimia 90 ya badiliko unahitaji nusu-maisha 3.3, hizo ni saa 200, siku zaidi ya nane, na hapo hujaweka muda wa dawa yenyewe kujikusanya. Ndo maana wenye bonge la damu wanachomwa heparini, sindano inayozuia damu kuganda mara moja, sambamba kwa siku zisizopungua tano na mpaka INR ikae 2 au zaidi kwa saa 24. Jedwali linakwambia ufanye hivyo, modeli hii inakuonyesha kwa nini, na hapo ndo unapoona kwamba kubadilisha dozi kila siku kwa kukimbiza INR ni kujitengenezea bembea mwenyewe.

Sasa Bayes, yaani njia ya takwimu ya kusahihisha makadirio kila ushahidi mpya unapokuja, inaingiaje. Unaanza na imani ya awali kutoka kwa umri, uzito, jeni kama zipo, yaani ile fomula ya juu haitupwi, inakuwa pa kuanzia. Kila INR inapokuja unaisogeza imani kulingana na uzito wa ushahidi. Nichukue namba za kubuni tuelewane: fomula inasema mama yuko 5.8 kwenye kile kipeuo, na shaka yake ni 1.2. INR zake za wiki ya kwanza zimepanda haraka kuliko tulivyotegemea, zikisomwa peke yake zinasema 4.6 na shaka 0.9. Unapima kila upande kwa kinyume cha mraba wa shaka yake, inatoka 5.03, ambayo ni miligramu 25 kwa wiki. Fomula peke yake ingembakisha 33.6, INR peke yake zingemshusha hadi 21. INR zikiongezeka sauti ya fomula inafifia, na hii ndo sababu jeni zina thamani kubwa mwanzoni halafu thamani inayeyuka, maana mwili wenyewe umeshaanza kujieleza.

Si wazo jipya, Lewis Sheiner aliandika kuhusu kutumia kompyuta kupanga dozi hizi za muda mrefu tangu 1969, na yeye na Stuart Beal ndo walikuja kutengeneza NONMEM, programu ambayo hadi leo inatumika kujenga modeli za namna hii. Kundi la Hamberg la Sweden lilitoa modeli yenye jeni 2007, alafu 2010 wakatoa toleo ambalo halihitaji kupima kiasi cha dawa kwenye damu, linatumia dozi na INR badala yake. Hilo la pili ndo linaifanya iwezekane kliniki ya kawaida, maana hakuna anayepima kiwango cha wafarini kwenye damu kila wiki.

Ubaya wake sasa. Inataka dozi zilizomezwa kweli, sio zilizoandikwa kwenye cheti. Mgonjwa akiruka siku mbili na asiseme, modeli itahitimisha kwamba mwili wake ni mgumu kwa dawa na itapandisha dozi, wiki ijayo akimeza vizuri INR inapaa. Jedwali nalo lina tatizo hilohilo ila modeli inalifanya kwa kujiamini zaidi, na hilo linanitisha kuliko makosa ya hesabu. Pia metronidazoli, kotrimoksazoli, flukonazoli zinazuia uvunjaji wa S, zikiingia katikati bila kuingizwa kwenye modeli imani yote ya nyuma inakuwa ya mtu mwingine. Na unahitaji mtu anayeielewa, sio lazima aijenge lakini ajue lini asiiamini.

Ujifunzaji wa mashine

Hapa kompyuta inajitafutia yenyewe mpangilio kwenye data nyingi. Watu wanaupenda, mi siupingi, ila naomba tuelewane kwenye mambo mawili. La kwanza, kwenye kazi ya kutabiri dozi ya mwisho kwa data kama za IWPC, misitu ya maamuzi na mitandao ya neva imejaribiwa mara nyingi na haiachi regresheni mbali kiasi cha kukufanya uitupe, kwa sababu kinachokosekana ni taarifa (anakula mboga gani, anameza kweli, ini likoje), sio ujanja wa hesabu.

La pili ni baya zaidi. Ukichukua rekodi za kliniki za miaka mingi ukaufundisha mtandao utabiri INR kutoka kwa dozi, kumbuka dozi hizo hazikutolewa kwa bahati nasibu. Mgonjwa INR ikipanda daktari anapunguza. Kwenye data utaona dozi ndogo zinakaa pamoja na INR kubwa, na mtandao usio na akili ya chanzo na matokeo utajifunza kwamba kupunguza dozi kunapandisha INR. Kwenye kutabiri itaonekana sahihi, kwenye kushauri itaua mtu. Modeli ya matangi haiwezi kukosea upande huo kwa sababu mwelekeo umeandikwa ndani yake tangu mwanzo. Kama bado unataka mashine, ianze juu ya modeli ya matangi ijifunze yale mabaki ambayo modeli haiyaelezi, hapo nakubali.

Basi uchague ipi

Kama una karatasi tu na watu wanaobadilishana zamu, jedwali zuri linalofuatwa na kila mtu bila kubuni, na dozi ya kuanzia uichukue kwenye fomula isiyo na jeni, hiyo haikugharimu chochote. Kama una kompyuta na wagonjwa wanaorudi na daftari la dozi, nenda Bayes bila kusita. Jeni zipime kama majibu yanarudi kabla ya dozi za kwanza na kipimo kina aina zilizopo kwa watu wako, majibu yakija wiki ya tatu umechelewa, INR tano zinakwambia zaidi. Mashine, kama una makumi elfu ya wagonjwa na mtu wa takwimu anayeelewa nilichosema hapo juu, la sivyo acha kwanza.

Na kabla ya yote angalia kama unahitaji wafarini. Dabigatrani, rivaroksabani na wenzao, dawa mpya zaidi za kuzuia damu kuganda, hazihitaji INR wala haya mahesabu kwa wagonjwa wengi. Ila mwenye vali ya chuma moyoni anabaki na wafarini, jaribio la dabigatrani kwa watu hao lilisimamishwa mapema na matokeo yakatoka 2013, na mwenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki pamoja na mdundo usio na mpangilio vilevile, jaribio la INVICTUS la 2022 lilionyesha dawa za kundi la wafarini zikifanya vizuri kuliko rivaroksabani. (Na kama wewe ni mgonjwa unasoma hapa, usijipangie dozi kwa fomula hizi, mpelekee anayekutibu muongee.)

Ukishachagua, ijaribu kwa rekodi zako za zamani kabla haijamgusa mtu. Ifiche INR ya mwisho ya kila mgonjwa, iombe modeli iitabiri kwa zilizotangulia tu, alafu ishindanishe na mpinzani mjinga anayesema "INR ijayo itakuwa sawa na ya leo". Utashangaa modeli ngapi zenye majina makubwa zinashindwa na huyo. Makosa usiyahesabu sawa, kusema 2.5 wakati ni 1.8 sio sawa na kusema 2.5 wakati ni 5. Muda ndani ya lengo uhesabu kwa njia ya Rosendaal ya 1993, unachora mstari ulionyooka kati ya vipimo viwili: 1.6 leo na 2.8 baada ya siku 12, mstari unavuka 2 siku ya nne, kwa iyo siku 8 kati ya 12 ziko ndani, asilimia 67. Na hakikisha maabara imeweka namba sahihi ya unyeti wa kitendanishi, maana INR ni uwiano wa muda wa kuganda wa mgonjwa na wa kawaida ukipandishwa kwa kipeo cha namba hiyo: uwiano wa 1.5 unabaki 1.5 namba hiyo ikiwa 1 lakini unakuwa 2.25 ikiwa 2, mgonjwa yuleyule anatoka kwenye "ongeza dozi" kwenda kwenye "uko sawa", na hakuna modeli kati ya hizi nne itakayogundua hilo.